Kujifunza Tromboni: Midomo na Sikio Kwanza

Tromboni haina vali za kubonyeza kama tarumbeta. Ina bomba la kuvutwa, na mpigaji mwenyewe ndiye anayetafuta kwa sikio mahali sauti inapokaa sawasawa. Ndiyo maana nakushauri usiharakie kulivuta bomba hilo katika siku za mwanzo, hata kama wenzako wa matarumbeta ya kanisani wanakusubiri kwa hamu.

Anza na midomo. Kaza pembe zake, acha katikati pawe laini, kisha pitisha pumzi nyingi bila kuvimbisha mashavu, mpaka midomo itetemeke na kuvuma kama nyuki. Mkono wa kushoto ndio unaobeba uzito wote wa tromboni. Wa kulia hushika bomba kwa wepesi, kwa kidole gumba na vidole viwili tu.

Bomba likiwa limefungwa kabisa, hiyo ndiyo nafasi ya kwanza. Hapo, kwa kubadilisha mkazo wa midomo na kasi ya pumzi pekee, tromboni ya sauti ya tena (tenor), ile ya kawaida, hutoa do, so, do ya juu, mi na so, ambapo do ni noti iitwayo B-flati. Zoezi hili huonekana dogo, lakini kwangu ndilo lenye thamani kuliko yote, kwa kuwa nafasi nyingine zote hufuata mpangilio uleule.

Nafasi ziko saba, na kila moja baada ya ya kwanza hushusha sauti kwa nusu toni, yaani hatua ndogo kabisa kati ya noti mbili. Haziachani kwa umbali ulio sawa: kutoka ya kwanza hadi ya pili ni takriban sentimita 8, ilhali kutoka ya sita hadi ya saba hufikia kama 10 au 11, kwa sababu bomba likisharefuka huhitaji nyongeza kubwa zaidi ili kushuka nusu toni ileile. Nafasi ya tatu iko karibu kabla ya ukingo wa mdomo mpana wa mbele, na ya nne huupita kidogo.

Sasa piga ngazi ya B-flati, yaani do, re, mi na kuendelea, kuanzia do ya chini hadi do ya juu: nafasi ya 1, 6, 4, 3, 1, 4, 2, na kumalizia 1. Kila noti ianze kwa ulimi, kama unatamka “ta”, na mkono usogee upesi katikati ya noti mbili, la sivyo sauti itaburuzika. Imba noti kwanza, ndipo uipige. Ikitofautiana na ulichoimba, rekebisha mkono pale pale.