Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuipeleka Familia Kwenye Bustani ya Kale Iliyorejeshwa

Familia inayopanga kwenda kutembea kwenye bustani ya kihistoria huanza kwa kuulizia kiingilio na saa za kufungua, ilhali swali linalostahili kutangulia ni hili: bustani hiyo imerejeshwa katika hali ya mwaka gani? Bustani ya kawaida ya mapumziko hutengenezwa kwa ajili ya umma, ikawekwa viti, vivuli, vyoo na vizuizi kila penye hatari. Bustani ya kale ilitengenezwa kwa ajili ya mwenye nyumba na wageni wake wachache, na wale walioirejesha wamejitahidi iwe kama ilivyokuwa, kiasi kwamba hata yale ambayo mgeni wa leo angeyaona kuwa ni upungufu huwa yamehifadhiwa kwa makusudi. Mtu akishajua bustani ni ya zama zipi, sehemu kubwa ya maandalizi yake hujipanga yenyewe.

Mfano mzuri ni bustani ya faragha ya mfalme katika kasri la Hampton Court, karibu na London, ambayo ilifunguliwa upya mwaka 1995 ikiwa imerudishwa katika sura yake ya mwaka 1702. Kwa muda mrefu kabla ya hapo, miti iliyokuwa ikipogolewa kwa umbo la piramidi ilikuwa imeachwa ikarefuka na kutanda hadi kuficha mandhari ya kuelekea mtoni. Warejeshaji waliiondoa, wakafukua ardhi kutafuta alama za matuta ya zamani, kisha wakapanda upya. Huko Uholanzi, bustani ya kasri la Het Loo ilikuwa imefukiwa ili kupisha mtindo mpya wa nyasi na miti, nayo ikarejeshwa katika umbo lake la karne ya 17 na kufunguliwa mwaka 1984. Kwa mwanahistoria, hayo ni mafanikio makubwa. Kwa mzazi mwenye mtoto mgongoni, maana yake ni uwanja mpana wa changarawe na maua mafupi yaliyopangwa kwa ulinganifu, usio na mti wa kujikinga na jua la saa sita mchana, kwa kuwa bustani za mtindo huo zilikusudiwa kutazamwa kutoka juu, kwenye madirisha ya kasri. Kofia zenye ukingo mpana, maji ya kutosha na mafuta ya kukinga ngozi si vitu vya kufikiria mkiwa mmeshafika, na ziara ya aina hiyo ni heri ifanywe asubuhi.

Mtindo wa mandhari, yaani bustani kutengenezwa ionekane kama nchi ya asili, uliotawala Uingereza katika karne ya 18 unadai maandalizi ya namna nyingine. Painshill, ambayo Charles Hamilton aliitengeneza kati ya mwaka 1738 na 1773, imepangwa kama safari ndefu ya kulizunguka ziwa, ambapo kila kona humfunulia mtembeaji kitu kipya: magofu ya kuigiza, hema, pango lililopambwa kwa madini yanayometameta. Uzuri wake hauonekani kwa kusimama mlangoni, bali kwa kutembea, na mtoto mdogo huchoka akiwa upande wa pili wa ziwa, mbali kabisa na choo. Kwa hiyo ramani isomwe nyumbani, njia fupi ya kurudia ijulikane mapema, na viatu viwe vya kufunika kidole na vyenye soli inayoshika, kwa sababu nyasi za mteremko hubaki na unyevu hata jua likiwa limeshapanda. Kigari cha mtoto chenye magurudumu madogo huzama kwenye changarawe na kumchosha anayekisukuma kuliko kumbeba mtoto mwenyewe, hivyo ama kiwe cha magurudumu makubwa ama kiachwe na badala yake ichukuliwe mbeleko.

Zipo pia bustani za ngazi na mifereji, kama Shalimar ya Lahore, Pakistan, iliyojengwa katika karne ya 17 kwa matabaka matatu yanayoshukiana, au ile inayozunguka kaburi la mfalme Humayun mjini Delhi, ambayo urejeshaji wake ulikamilika mwaka 2003 na mifereji yake ikaanza tena kupitisha maji. Anayekwenda na mzee anayesumbuliwa na magoti asitosheke kuuliza kama bustani inafikika kwa watu wenye ulemavu, kwani jibu huwa ni ndiyo ya jumla. Aulize ni sehemu zipi hasa zisizofikika bila kupanda ngazi, kama kuna viti vya magurudumu vya kuazima na kama vinahitaji kuwekewa nafasi, na ni umbali gani kati ya kiti kimoja cha kupumzikia na kingine.

Suala la usalama wa watoto lisipitiwe juu juu. Hatari ambayo wageni wengi hawaifahamu ni handaki ambalo Waingereza huliita ha-ha, lililochimbwa ili ng'ombe na kondoo wasiingie bustanini bila kujenga uzio utakaoharibu mandhari. Upande wa malisho, ardhi huteremka taratibu hadi chini ya ukuta wa mawe. Upande wa nyumba, kilele cha ukuta huo huwa sawasawa na nyasi. Anayesimama karibu na nyumba huona uwanja mmoja wa kijani usiokatika, wenye mifugo kwa mbali, na mafundi wa zamani walitaka aone hivyo hivyo. Mtoto anayekimbia kuwafuata wale kondoo haoni chochote cha kumzuia mpaka awe ameshafika ukingoni, na mporomoko wake unaweza kuzidi kimo cha mtu mzima. Watunzaji wengine huweka kibao au kamba, wengine huogopa kuharibu mandhari. Handaki hilo litafutwe kwenye ramani kabla ya kuwaachia watoto uwanjani, na watoto wapelekwe walione kutokea upande wa chini, ambako ukuta unaonekana wote. Wakiliona hivyo mara moja, onyo halihitaji kurudiwa sana.

Maji nayo yanataka utaratibu. Mabwawa ya kale hayakuwa na vizuizi na mara nyingi bado hayana, huku kingo zake za mawe zikiwa na utelezi wa mwani. Kusema kwamba watu wazima wote watawaangalia watoto wote ni sawa na kusema hakuna atakayewaangalia, hivyo ni bora kila mtoto apangiwe mtu mmoja wa kumfuatilia, kwa jina, na zamu ibadilishwe kwa kauli ya wazi.

Halafu kuna mimea yenyewe. Warejeshaji waaminifu hupanda kile kilichokuwapo, na watu wa zamani walipenda mimea mingi yenye sumu. Mti wa Taxus, unaotumika sana kwa uzio na maumbo yaliyopogolewa, una sumu kwenye majani na mbegu, ingawa tunda lake jekundu lina sura ya kitu cha kuliwa. Oleanda na dijitalisi, mimea ya maua, zina sumu inayoathiri moyo, na mbono, ambao katika karne ya 19 ulipendwa kwa majani yake makubwa, una mbegu za hatari zenye madoa ya kuvutia, ambazo mtoto huona ni shanga. Kanuni ya kutochuma wala kutia mdomoni chochote ielezwe kabla ya kutoka nyumbani, ihusu na matunda ya bustani ya mboga, na mikono inawiwe kabla ya kula. Viatu navyo visafishwe tope kabla ya safari na baada yake, kwa kuwa vimelea vinavyoua miti husafiri ndani ya udongo unaoganda kwenye soli.

Kuhusu wakati wa kwenda, picha za matangazo zisiaminiwe kupita kiasi, maana huwa zimepigwa katika wiki bora ya mwaka. Villandry nchini Ufaransa, ambayo Joachim Carvallo aliinunua mwaka 1906 na kuirudishia umbo la kale, hupanda bustani yake ya mboga mara mbili kwa mwaka, na anayefika kati ya misimu anaweza kukuta udongo mtupu. Chemchemi za kasri la Versailles, huko huko Ufaransa, nazo hazirushi maji kila siku wala kutwa nzima. Hata enzi za mfalme Louis XIV maji hayakutosha, na mafundi walikuwa wakizifungua pale tu mfalme alipokaribia kisha wakazifunga alipopita. Ratiba ya chemchemi ni ya kuangaliwa pamoja na ile ya tiketi.

Masharti mengine ni mepesi ila hutofautiana mno: mpira, mbwa, droni, stendi za kamera na vyakula vya kutoka nyumbani vyote viulizwe. Simu zisitegemewe peke yake, kwani mtandao hupotea kwenye mabonde na nyuma ya kuta nene, hivyo mahali pa kukutania papangwe mara tu baada ya kuingia. Watoto wakubwa husaidika wakipewa la kutafuta badala ya kuburutwa kutoka tuta hadi tuta. Huko Heligan, katika jimbo la Cornwall nchini Uingereza, bustani iliyofunguliwa kwa umma mwaka 1992 baada ya miongo mingi ya kuachwa pori, kuna ukuta wa choo ambako watunza bustani waliandika majina yao mwezi Agosti 1914, Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokuwa vimeanza. Mtoto wa miaka kumi atalikumbuka hilo kuliko aina hamsini za waridi.

Siku moja kabla ya safari, itazamwe hali ya hewa, hasa upepo. Bustani zenye miti mikongwe hufungwa upepo ukivuma kwa nguvu, na si kwa woga usio na msingi, kwani dhoruba ya Desemba 1999 iliangusha maelfu ya miti huko Versailles. Kwa hiyo ipigwe simu asubuhi kabla ya kuondoka, na wakati wa kununua tiketi isomwe sehemu inayoeleza kama tarehe inaweza kubadilishwa bustani ikifungwa ghafla. Uulizwe pia muda wa mwisho wa kuingia, kwani kwa kawaida hutangulia saa ya kufunga, na familia inayofika ikiwa imechelewa huweza kukuta mlango umefungwa ilhali wageni wengine bado wanaonekana wakitembea ndani.