Kabla hujawasha redio ya besi

Wapimaji wenzangu wa Mbeya na Iringa, kipokezi cha GPS chenyewe kinapokea tu, hakigombani na mtu. Redio ya besi (kipokezi kinachokaa pointi moja), inayoirushia rova (kipokezi unachotembea nacho) masahihisho ya vipimo, ndiyo yenye kesi, maana masafa ya redio ya UHF yana wenyewe. Kununua mashine hakukupi masafa. Hayo huombwa TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010. Masafa aliyoyaacha muuzaji kwenye mashine huenda ni ya nchi nyingine kabisa, kwa hiyo fungua menyu, linganisha megahezi, upana wa chaneli na wati na kilichoandikwa kwenye kibali chako. Halafu sikiliza kwanza kama chaneli iko kimya.

Na wati 35 za nini kwenye viwanja vya Uyole, rova ikiwa mita 400 tu? Weka 1 au 2, betri nayo itafika jioni. Hata kwenye vilima vya Mufindi, mara nyingi kuinua antena kunasaidia kuliko kuongeza nguvu. Kibali bado? Pitisha masahihisho kwenye laini ya simu, au rekodi data ukachakate ofisini.