Umestaafu? Anza na saa nne asubuhi

Watu wakikaribia kustaafu wanaulizana hela tu, kikokotoo cha mafao, kiinua mgongo, fremu ya duka ijengwe wapi, na ni haki yao, ila hakuna anayekwambia kuhusu saa nne asubuhi. Mi nilikuwa nesi, miaka 34 wodini, nikastaafu na ule umri wa lazima wa 60, na siku ya kwanza ya kukaa nyumbani nimeamka saa kumi na moja kama kawaida, nimefagia uwanja, nimekunywa chai, nimeosha vyombo, natazama saa, saa tatu na dakika kumi. Ikafika saa nne nimekaa kwenye kochi mikono magotini kama mgonjwa anayesubiri majibu ya maabara.

Nikasema basi dawa naijua, rosta. Nikachukua karatasi nikachora kama tulivyokuwa tunachora wodini, kila saa na kazi yake, nikaibandika mlangoni jikoni. Ilidumu siku nne. Siku ya tano jirani kafiwa, nikashinda msibani, kurudi naiona ile karatasi nikajisikia kama nimetoroka zamu, nikaichana. Ninachofanya sa hivi, na ndicho nataka nikuelekeze, ni kidogo zaidi ya hapo: chagua mambo matatu tu yenye saa, moja alfajiri, moja saa nne, moja saa kumi jioni, mengine yote yaende yanavyokwenda. La saa nne ndilo la kulikazania, maana alfajiri mwili una mazoea yake na jioni watu wanarudi, lakini saa nne mtaa mzima uko kazini na shuleni, umebaki we na kuku.

Alfajiri ni kutembea, hapo sina maneno mengi. Niko Tanga, na huku kipindi cha kaskazi ukichelewa kutoka jua linakupokea mlangoni, kwa hiyo saa kumi na mbili nipo njiani na saa moja kasoro nimerudi. Shirika la Afya Duniani wanasema dakika 150 kwa wiki, gawanya mwenyewe, ni nusu saa siku tano. Mwendo wenyewe upime hivi: uweze kuongea na mwenzako ila ukijaribu kuimba pumzi ikatae. Vaa viatu, siyo malapa, nimewafunga wengi bandeji kwa ajili ya malapa. Na maji ya chai yakiwa jikoni, shika ukingo wa sinki usimame mguu mmoja, hesabu mpaka kumi, badilisha mguu. Utachekwa na wajukuu, waache wacheke, sisi tunaogopa presha na sukari lakini nyonga zinavunjikia bafuni. Baiskeli kama umeizoea usiiache (Tanga hii nani asiyeijua baiskeli), ila shusha kiti mpaka miguu yote miwili iguse chini ukiwa umekaa.

Sasa saa nne. Hapa inatakiwa kitu chenye uhai kinachokutegemea, kitu ambacho ukikiacha siku mbili kitakuonyesha kwamba umekiacha. Kwangu ni matembele kwenye viroba. Najua mtu atasema saa nne jua kali nani anashika udongo, kweli kabisa, ndo maana viroba vyangu viko ubavuni mwa nyumba upande wa magharibi, kivuli cha ukuta hakiondoki mpaka karibu saa sita, halafu mchana matembele yanapata jua lake la kutosha.

Nakuelekeza kama sijui unajua. Chukua kiroba cha unga au mchele cha kilo 25, kunja mdomo wake nje mara mbili tatu kisimame vizuri, toboa matundu kama kumi chini na msumari. Udongo mafungu mawili, samadi fungu moja, na samadi iwe imeoza, ukiikamata mkononi isinuke wala isiwe na moto, mbichi itaunguza mizizi, mi nimeunguza viroba sita vya mwanzo nikadhani ni wadudu. Omba jirani mche wa matembele, hakuna atakayekunyima, kata kipande cha shubiri moja na nusu hivi chenye vifundo vinne au vitano, ondoa majani ya chini, kilaze kidogo halafu fukia vifundo viwili. Kwenye vifundo ndo mizizi inatokea, ukifukia kati ya kifundo na kifundo umezika kijiti. Mwagilia. Kesho yake majani yatalegea yote utasema yamekufa, usiyang'oe! Siku ya nne ya tano utaona kijani kidogo kimechomoza kwenye kwapa la jani, kama ncha ya kiberiti, na nakwambia mtu mzima mwenye wajukuu nilienda kumwita mzee wangu, yaani mume wangu, aje aone. Baada ya mwezi hivi anza kuchuma ncha, usichume majani ya chini, ukikata ncha yanachipua pembeni na kiroba kinajaa zaidi. Mchicha nao ni wiki tatu nne unakula, ila mbegu zake ni vumbi, zichanganye na mchanga mkavu ndo umwage, la sivyo zitaota zote sehemu moja kama nywele. Vidukari wakija, maji yenye sabuni kidogo, puliza nyuma ya jani kwa sababu huko ndo wanakaa.

Kama mambo ya udongo si yako, suka ukili, fuga kuku watano, fundisha watoto wa jirani hesabu, chochote, ila kiwe saa nne na kiwe na mtu au mdudu anayekusubiri.

Halafu kuna hili ambalo halisemwi. Mzee wangu alistaafu miaka miwili kabla yangu, na mimi niliingia nyumbani kama mkaguzi. Kumbe ile miaka miwili mwenzangu alishajitengenezea maisha yake humo ndani, redio yake ina sehemu yake, kiti chake kiko dirishani, maharage anaunga kwa mtindo wake wa kukaanga kitunguu mpaka kinakuwa cheusi, na mimi nikaanza kufunua masufuria, nikahamisha kiti, nikapanga upya kabati. Wiki ya pili akanitazama tu, mtu mpole, akasema, "Mama, hapa si wodini." Nikanuna siku nzima. Lakini alikuwa sahihi, na ushauri wangu ni kwamba yule mnayekaa naye muulize kabla hujagusa kitu, siku yake huwa inaendaje, ujue wapi pana nafasi ya wewe kuingia. Tuligawana. Samaki ni wake, anashuka mwenyewe soko la samaki la Deep Sea asubuhi anachagua, na akirudi na vibua vidogo sisemi neno. Maharage siku zake nakula kitunguu cheusi. Nguo, mboga na uwanja ni vyangu. Jioni baada ya alasiri anaenda barazani kucheza bao, kete 64 na wazee wanaobishana utadhani wanagawana urithi, na akirudi simuulizi ulikuwa wapi, namuuliza umefungwa mangapi. Nyumba ya watu wawili waliostaafu inahitaji mmoja wao atoke angalau mara moja kwa siku, hili nalisema bila kupepesa macho.

Wajukuu. Jamani tunawapenda, lakini watoto wetu wakisikia bibi kastaafu wanasikia kuna chekechea ya bure. Sema mapema, na sema siku. Mi nimesema Jumanne na Jumamosi. Mwanangu wa pili alikasirika kidogo akasema "mama si upo tu?" na hiyo "upo tu" ndiyo ya kuikataa kwa upole siku ile ile, maana ukiiacha ikapita utalea mpaka magoti yakatae. Wakija usiwakalishe mbele ya tivii, wape kazi, wa miaka mitano anaweza kuchambua mchele na kuokota mayai, atavunja moja, sawa.

Simu nayo ina namna yake. Magrupu ya WhatsApp, ya ukoo, ya wastaafu wenzetu, ya kikoba, ya msiba ulioisha mwaka jana na bado hakuna aliyetoka, yanyamazishe yote, fungua mara mbili kwa siku inatosha. Dawa zinazotumwa humo, sijui majani ya nini yanamaliza sukari kwa siku saba, usiguse na usitume kwa mwingine, nimepokea wagonjwa walioacha vidonge kwa ajili ya hizo meseji. Na wale wa "ile hela itume kwenye namba hii" wanatupenda sana sisi wenye mafao. Sheria ya nyumbani kwangu ni moja, mtu akipiga akasema mwanao kapata ajali tuma hela haraka, kata, halafu mpigie mwanao kwa namba uliyoisevu mwenyewe. Namba ya siri haitajwi kwa mtu yeyote, hata akijitambulisha ni wa mtandao wa simu, hata akiwa anajua majina yako yote matatu.

Siku za wiki zinapotea, hili lilinishangaza. Nilienda kikao cha kikoba Alhamisi nikiwa nimejifunga kitenge changu kipya, nakuta mwenyekiti anaanua nguo, kikao kilikuwa jana. Kwa hiyo sasa kila siku nimeipa alama. Jumatatu mashuka, Jumatano kikoba, Alhamisi sokoni Mgandini, Ijumaa pilau na mzee anavaa kanzu, Jumapili nawapigia simu ndugu, mmoja mmoja, siyo kutuma zile picha za maua zenye "asubuhi njema". Ukiulizwa leo lini, unakumbuka ulichopika.

Mchana lala, ila kidogo. Dakika ishirini, thelathini, kwenye mkeka siyo kitandani, na kabla ya saa tisa, ukipitiliza hapo usiku utahesabu mabati. Dawa kama unatumia zifunge na kitu usichokisahau, mi za presha naziweka pembeni ya mswaki, halafu nina kile kiboksi chenye vyumba saba maana kuna siku nilikuwa sikumbuki kama nimemeza au nimefikiria kumeza. Nenda kliniki tarehe zako hata ukijisikia mzima, na hospitali za serikali nyingi zina dirisha la wazee, usione aibu kupita hapo, mi nilizunguka foleni ya kawaida mara mbili nikijifanya bado kijana.

Na kama una mashine ya presha nyumbani ipime sawasawa. Kaa kwenye kiti chenye mgongo dakika tano kimya, miguu chini usikunje nne, mkono juu ya meza usawa wa moyo, usiwe umetoka kunywa kahawa wala chai ya rangi nzito ndani ya nusu saa, na haja ndogo ukaimalize kwanza. Pima mara mbili, pumzisha dakika moja katikati. Ikirudia rudia 140 kwa 90 au zaidi siku tofauti tofauti, nenda kwa daktari, usinywe kidonge cha jirani.

La saa kumi kwetu ni chai barazani, basi. Ya tangawizi, na mihogo ya kuchemsha ikiwepo, na sharti langu ni kwamba inanyweka nje, mbele ya nyumba, siyo ndani kwenye tivii. Ukikaa nje watu wanapita, shikamoo bibi nesi, marahaba, mama hajambo, kuna baiskeli zinatoka mjini na wanafunzi mashati nje, na kila siku hamkosi mmoja anayesimama kuulizia presha yake. Jana ni kijana wa kuuza madafu, kaegesha baiskeli, "Bibi nipime basi, kichwa kinagonga." Nikamwambia kaa kwanza dakika tano, nikaingia ndani kuchukua mashine, natoka namkuta ana kikombe mkononi na kimeshafika nusu, na mzee wangu ameshika birika anamwongeza. Basi tena, ikabidi akae nusu saa.