Dawa za uvimbe kwa mwenye sonona: kabla hujameza

Kama umesikia kwamba dawa za uvimbe, yaani zile za kutuliza uvimbe na maumivu mwilini, husaidia sonona, usianzie kwenye duka la dawa pale Mwanjelwa, Mbeya. Diklofenaki unayouziwa kwa mgongo haijathibitika kutibu sonona. Dawa ya uvimbe iliyojaribiwa zaidi kwa sonona ni selekoksibu, miligramu 200 mara mbili kwa siku kwa wiki sita hivi, tena juu ya dawa ya sonona, si badala yake. Kwa hiyo kama dawa yako ya sonona ni fluoksetini, usiiache.

Mwombe daktari kipimo cha damu cha CRP, protini inayopanda mwili ukiwa na uvimbe wa ndani. Huko Marekani, utafiti wa mwaka 2013 uliwapa wagonjwa 60 wa sonona sugu dripu ya infliksimabu, dawa ya kuzuia uvimbe, au dripu isiyo na dawa. Kwa jumla hapakuwa na tofauti. Waliokuwa na CRP zaidi ya 5 mg/L ndio walioelekea kunufaika. Wenye kiwango cha chini walipata nafuu zaidi kwa dripu tupu. Usipime ukiwa na mafua au jino bovu, maana CRP hupanda kwa hayo pia, na Julai ya Uyole mafua hayakosi. Ikizidi 10, tafuteni kwanza ugonjwa mwingine, kisha mrudie kipimo baada ya wiki mbili.

Halafu beba dawa zako zote mpaka mezani kwa daktari. Hapa ndipo watu huumia. Fluoksetini hudhoofisha kuganda kwa damu, na dawa za uvimbe huondoa kinga ya ukuta wa tumbo. Zikikutana, kidonda cha tumbo huweza kuvuja damu. Choo kikiwa cheusi kama lami, acha dawa ya uvimbe uende hospitali siku hiyohiyo. Mwenye historia ya vidonda vya tumbo aseme mapema, huenda akaongezewa omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi tumboni.

Mnaohudhuria CTC, kliniki ya huduma na tiba ya VVU, nanyi ni wengi Iringa na Njombe, msifiche: tenofovi, dawa ya VVU, pamoja na diklofenaki huweza kuharibu figo, hivyo kreatinini, kipimo cha damu cha figo, ipimwe kwanza. Anayetumia lithiamu, dawa ya kutuliza hisia, dawa za uvimbe huweza kumpandishia kiwango chake cha lithiamu mwilini hadi kuwa sumu. Prednisoloni nayo huitwa dawa ya uvimbe, lakini yenyewe huweza kuvuruga akili.

Jaza dodoso la PHQ-9, maswali tisa ya kupima ukali wa sonona, siku ya kwanza na baada ya wiki sita. Alama zisiposhuka hata nusu, mwulize daktari kuna sababu gani ya kuendelea.

Mawazo ya kujiua yakija, usisubiri wiki sita. Nenda hospitali leo, na ndugu akutunzie vidonge, hasa amitriptilini, dawa nyingine ya sonona, ambayo ikizidishwa huweza kusimamisha moyo.