Kuanza Mashindano ya Kulenga Shabaha kwa Bastola za Easofti ukiwa Nakuru

Mkazi wa Nakuru anayetamani mchezo huu, ambao mshindani huhama kutoka kituo kimoja hadi kingine akipiga shabaha kadhaa huku saa ikimhesabia, hana budi kuanza na karatasi kabla ya bastola. Bastola ya easofti hurusha gololi ya plastiki ya milimita 6 kwa nguvu ya gesi, na kwa mchezaji ni kifaa cha michezo tu. Lakini umbo lake ni la bastola kamili, na askari wa doria wa mtaa wa Section 58 hawezi kuitofautisha kwa kuitazama. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inagusa hata silaha za kuigiza. Kwa hiyo usiagize chochote kutoka ng'ambo kabla hujaiandikia Bodi ya Leseni za Silaha, ukaeleza kifaa unachokitaka na matumizi yake, ukapata jibu la maandishi.

Unaposubiri jibu hilo, soma kanuni. IPSC, shirikisho la kimataifa la mchezo huu wa kulenga shabaha, lililoundwa mwaka 1976 mjini Columbia, Missouri, nchini Marekani, lina tawi la bastola hizi liitwalo Action Air, ambalo mashindano yake ya kwanza ya dunia yalifanyika Hong Kong mwaka 2018.

Katika kanuni hizo, sehemu ya kusoma mara tatu ni ile ya alama, kwa sababu ndiyo itakayokuambia ufanye mazoezi gani. Shabaha ya karatasi ina eneo A lenye alama 5, eneo C lenye 3 na eneo D lenye 1, na kwa kawaida kila shabaha hupigwa mara mbili. Jumla ya alama hugawanywa kwa sekunde ulizotumia. Chukua shabaha nne, yaani mapigo manane: anayepata A zote kwa sekunde 10 ana alama 40, na mgao wake ni 4.0. Mwenzake aliyepata A sita na C mbili kwa sekunde 8 ana alama 36 na mgao wa 4.5, hivyo anamshinda. Lakini wa tatu, aliyetumia sekunde 8 hizohizo na kupata A saba huku pigo moja likikosa shabaha kabisa, hukatwa alama 10. Hubaki na 25, na mgao wake huporomoka hadi 3.125. Kasi, basi, inaweza kufidia C mbili, ila haifidii kukosa, na ndiyo maana namshauri mgeni apunguze mwendo hadi mapigo yote yatue kwenye karatasi.

Kabla ya bastola, nunua miwani ya kinga iliyotengenezwa kwa ajili ya mchezo huu, wala si miwani ya jua ya sokoni, kwa kuwa gololi inaweza kulipofua jicho. Mtutu usivuke nyuzi 90 kutoka mwelekeo wa shabaha, na kidole kikae nje ya kifyatulio unapotembea au unapobadilisha magazini, yaani kisanduku cha gololi na gesi kinachochomekwa kwenye bastola. Ukikiuka, au ukiiangusha bastola wakati wa zoezi la shindano, unaondolewa mashindanoni siku hiyo, hata kama ulikuwa unaongoza.

Mazoezi mengi hayahitaji gololi. Dakika 15 kila jioni, bastola ikiwa tupu na magazini ikiwa chumba kingine, zinatosha kujifunza kuitoa kwenye ala, kuikamata kwa mikono miwili na kubana kifyatulio bila kuitikisa. Shabaha ya nusu ya kipimo ikibandikwa ukutani umbali wa mita 3 huonekana kama ile kamili iliyo mita 6, kwa hiyo hata chumba cha kupanga kinafaa, mradi pazia limefungwa na majirani wasitishike.

Hali ya hewa ya Nakuru nayo ina mambo yake. Asubuhi yenye baridi hupunguza shinikizo la gesi ndani ya magazini, na bastola iliyofanya kazi vizuri jana mchana huanza kukohoa. Upepo wa alasiri huisukuma gololi ya gramu 0.20 zaidi kuliko ile ya 0.25, na vumbi, ambalo husemekana ndilo lililoupa mji huu jina kwa Kimaasai, huingia kwenye mtutu. Usafishe kila baada ya mazoezi.

Siku ya shindano la kwanza, beba bastola ndani ya begi lililofungwa, magazini ikiwa imetolewa, na mwombe mwamuzi akupange karibu na mwisho wa kundi ili uwatazame wenzako. Ukimaliza zoezi, toa magazini, mwonyeshe mwamuzi kuwa chemba, yaani mahali gololi inapokaa kabla ya kurushwa, ni tupu, kisha urudishe bastola kwenye ala. Na usizikaribie shabaha kuhesabu matundu yako mpaka atangaze kwamba uwanja ni salama.