Gitaa la besi halisikiki kwenye bendi ya muziki wa metali? Gusa sauti za kati kwanza

Mpiga besi mwenzangu, kabla hujakopa hela ya gitaa jipya, cheza kwanza na kitufe cha sauti za kati (zile kati ya nzito na nyembamba) kwenye amplifaya. Ukiwa peke yako chumbani, kuzipunguza kunanoga: mvumo mzito chini, mng'aro juu. Ngoja sasa magitaa mawili yenye distoshoni, yaani sauti iliyochafuliwa makusudi, yaingie na ngoma, hujisikii tena. Mimi nilipiga shoo nzima hivyo, nikawa kama pambo la jukwaa.

Pandisha sauti zilizo kati ya hezi 400 na 1,000 (mitetemo kwa sekunde), kisha punguza uzito wa chini kidogo. Lemmy, mpiga besi wa bendi ya Motörhead, alipitisha besi yake ya Rickenbacker kwenye amplifaya za Marshall, sauti za kati zikiwa juu kabisa.

Ukitaka distoshoni, tafuta pedali (kifaa cha kukanyaga kinachobadilisha sauti) yenye kitufe cha kuchanganya sauti chafu na safi. Uzi wa E, ule mnene kabisa wa besi, hutetemeka mara 41 hivi kwa sekunde, na pedali nyingi za gitaa la kawaida hupunguza sauti za huko chini. Sauti safi ndiyo inayobakiza uzito.

Nyuzi nazo, zikishachoka, badilisha tu.