Kukagua kwadranti ya mzinga: jinsi ya kuipata sifuri ya kweli kwa kuigeuza

Dada mmoja anayetunza vifaa vya kale aliniletea kwadranti ya chuma, bado imo ndani ya kasha lake la ngozi. Aliuliza swali moja tu: "Kaka, hii bado inasema kweli?" Tulikaa nayo kutwa nzima. Sehemu kubwa ya siku hiyo ilimezwa na hatua moja, ileile iliyonitesa mimi miaka ya nyuma nilipokuwa peke yangu bila wa kuniongoza. Nimeandika mwongozo huu ili atakayekutana na chombo hiki asirudie njia niliyopita.

Kwadranti ni chombo cha kuonyesha mtutu wa mzinga umeinuka kwa pembe gani kutoka usawa wa maji. Mwaka 1537, katika kitabu kilichochapwa Venice, mwanahisabati wa Italia Niccolò Tartaglia alieleza ile ya zamani: mikono miwili ya mbao iliyoungana kwa pembe mraba, mmoja mrefu kuliko mwenzake, na tao kati yao lililogawanywa sehemu 12. Mkono mrefu uliingizwa mdomoni mwa mzinga, timazi ikaning'inia, na uzi ukasoma sehemu kwenye tao. Sehemu ya 6 ni digrii 45, na Tartaglia alisema hapo ndipo tufe huenda mbali kuliko pote. Kwadranti za chuma zilizokuja baadaye zina pimamaji mahali pa timazi, nazo huwekwa juu ya kitako cha mzinga, yaani sehemu yake ya nyuma, kwa hiyo mpimaji halazimiki kusimama mbele ya mdomo. Ninazungumzia hizi za chuma: fremu, tao lenye meno, mkono unaotembea juu ya meno hayo, maikromita (skrubu yenye namba za kusomea sehemu ndogo) mwishoni mwa mkono, na kichupa cha pimamaji chenye kiputo.

Jambo moja kabla hatujaanza. Huhitaji mzinga mpaka hatua ya mwisho. Ukiufikia, uwe ni mzinga wa maonyesho ambao wataalamu wamethibitisha kuwa hauna kitu ndani. Ukiukuta porini au shambani, usiuguse, toa taarifa.

Hatua ya 1: Safisha miguu

Futa miguu ya kwadranti kwa kitambaa laini na spiriti kidogo, kisha pitisha ncha ya kidole juu yake. Kidole huhisi chembe ambayo jicho halioni. Chembe yenye unene wa milimita 0.1 chini ya mguu mmoja, miguu ikiwa imeachana sentimita 10, inakupa kosa la karibu mili 1 nzima (mili ni kipimo kidogo cha pembe, nakieleza hatua ya 2), na chombo hiki kimetengenezwa kusoma sehemu za kumi za mili.

Msasa marufuku, hata ule laini kabisa. Nimeona miguu iliyong'arishwa na mtu mwenye nia njema mpaka ikawa na mgongo katikati. Kwadranti hiyo haikai tena mahali pamoja mara mbili. Kama kuna kutu, spiriti, kijiti cha mbao na subira vinatosha.

Hatua ya 2: Jua mili yako ni ipi

Hesabu tao. Robo duara ikiwa na mili 1600, duara zima ni 6400, ndiyo mili ya majeshi ya NATO. Ikiwa 1500, duara ni 6000, mili ya Kisovieti. Digrii 45 ni 800 kwenye ya kwanza na 750 kwenye ya pili, kwa hiyo usibebe namba kutoka chombo kimoja kwenda kingine. Katika mwongozo huu natumia 6400, ambamo digrii moja ni karibu mili 17.8. Wapiga mizinga waliipenda mili kwa sababu mili moja kwa umbali wa mita 1000 ni karibu mita moja, hesabu ambayo mtu anaifanya kichwani.

Nyingi zina mizani miwili, upande mmoja 0 mpaka 800 na upande wa pili 800 mpaka 1600. Angalia uko upande gani.

Hatua ya 3: Andaa bamba

Unahitaji uso ulionyooka juu ya skrubu tatu. Mimi napenda bamba la chuma cha kutupwa lililochongwa. Kioo kinene pia kinafaa. Liweke sakafuni. Meza ya mbao sitaki hata kuisikia: ukiiegemea kwa kiwiko, kiputo kinatembea.

Hatua ya 4: Igeuze

Hapa twende polepole.

Weka mkono kwenye 0 ya tao na maikromita kwenye 0. Hakikisha jino limeingia sawasawa, kwa sababu mkono ukikaa juu ya ncha ya jino badala ya kuzama kati ya meno mawili, kila kitu kitakachofuata ni bure. Weka kwadranti juu ya bamba, mshale wake ukielekea mbele. Kwa penseli chora mstari kuzunguka miguu. Sasa zungusha skrubu za bamba, usiguse maikromita, mpaka kiputo kiwe katikati.

Wengi huishia hapa wakisema bamba limelala sawa na chombo ni kizima. Hapana. Ulichothibitisha ni kwamba kosa la bamba na kosa la kwadranti vimefutana. Bamba linaweza kuwa limeinama mili 2 na kwadranti imeinama mili 2 upande wa pili, na kiputo kitakaa katikati kwa utulivu kabisa.

Basi inyanyue, igeuze nusu duara ili mshale uelekee nyuma, uirudishe ndani ya mistari ileile ya penseli. Subiri. Kiputo hutambaa kabla ya kutulia. Mimi nahesabu mpaka 30. Kikirudi katikati, sifuri yako ni ya kweli, nenda hatua ya 5.

Kama hakikurudi, kirudishe kwa maikromita, si kwa skrubu za bamba. Tuseme maikromita imesoma 0.6. Hilo si kosa la kwadranti. Ni kosa mara mbili, kwa sababu ulipogeuza chombo, kosa lake lilihama kutoka upande mmoja wa ukweli hadi upande wa pili. Gawanya kwa 2: sahihisho ni +0.3.

Kama kiputo kimekimbilia upande ambao maikromita haiwezi kukifuata, shusha mkono jino moja chini ya sifuri, yaani kwenye −10, kisha zungusha maikromita mpaka kiputo kitulie katikati. Tuseme imesoma 9.4. Toa kwenye 10, unabaki na 0.6, nusu yake ni 0.3, na safari hii sahihisho ni −0.3.

Sasa lithibitishe. Weka sahihisho kwenye maikromita, rekebisha skrubu za bamba mpaka kiputo kiwe katikati, geuza tena. Kiputo lazima kibaki katikati. Kisipobaki, umekosea hesabu au mguu umekaa nje ya mstari. Rudia tangu mwanzo. Kwa kwadranti ya Kimarekani ya M1, sahihisho likizidi mili 0.4 chombo kinapelekwa kwa fundi, hakitumiki kwa kusahihisha kichwani. Nafuata kipimo hichohicho kwa zote.

Yaliyonila saa nyingi ni haya.

La kwanza ni joto la mkono. Nilikuwa nakishika kichupa kwa vidole wakati wa kugeuza, na kiputo hukimbilia upande wenye joto. Kila nikigeuza nilipata jibu jipya. Shika fremu, kwa pembeni, na usiache mwanga wa jua wala taa ya moto karibu. Kama kwadranti imetoka chumba kingine, iache nusu saa kwanza.

La pili ni ulegevu wa skrubu ya maikromita. Chombo cha zamani kina nafasi kidogo kati ya uzi wa skrubu na nati yake. Ukifika 0.6 kwa kuzungusha kulia, na mara nyingine ukafika kwa kushoto, utapata namba mbili. Fika kila mara kwa upande uleule. Ukipitiliza, rudi nyuma mzunguko mzima uanze upya.

La tatu ndilo lililoniuma zaidi: alama ya kujumlisha na kutoa. Nilipata +0.3, nikaandika kwenye kadi "jumlisha 0.3", nikaitumia kadi hiyo kupima siku nzima. Vipimo vyote vilikosea kwa 0.6, na niligundua tu baada ya kulinganisha na kwadranti ya pili. Fikiri hivi: sahihisho la +0.3 maana yake ni kwamba penye usawa wa maji, chombo hiki husoma 0.3. Kwa hiyo ukiwa unapima pembe iliyopo, unatoa: kikisoma 120.5, ukweli ni 120.2. Lakini ukiwa unataka kuuweka mtutu kwenye pembe fulani, unajumlisha: unataka 120, unaweka 120.3, kisha unainua mtutu mpaka kiputo kitulie. Sahihisho ni lilelile, kazi ni mbili, na alama zinapingana. Kwenye kadi ya yule dada tuliandika mistari yote miwili kwa maneno kamili, pamoja na mfano wa namba kwa kila mmoja. Fanya hivyohivyo, usiiamini kumbukumbu yako.

Nakusihi pia usichukue simu na programu yake ya kupima pembe ukaifanya hakimu. Simu ina kosa lake la sifuri, na ubavu wake una vitufe na mviringo. Kugeuza hakuhitaji hakimu yeyote wa nje. Chombo kinajishuhudia chenyewe, na ndiyo sababu naiheshimu njia hii kuliko zote.

Hatua ya 5: Maikromita

Weka tao kwenye 10 na maikromita kwenye 0, tuliza kiputo kwa skrubu za bamba. Kisha tao kwenye 0 na maikromita izungushwe mzunguko mzima mpaka 10. Kiputo kibaki katikati. Kisipobaki, maikromita ina kasoro, na hilo si la kurekebisha nyumbani.

Hatua ya 6: Pembe kubwa

Sifuri nzuri haitoshi. Meno ya katikati ya tao huenda yamelika. Chukua upau ulionyooka wenye vibiringo viwili vilivyoachana milimita 200, uweke juu ya bamba ulilolisawazisha, kisha inua kibiringo kimoja kwa bloku za kupimia, yaani vipande vya chuma vyenye unene unaojulikana kamili. Ukiinua milimita 20, pembe ni digrii 5.74, yaani mili 102.0. Ukiinua milimita 100, ni digrii 30 kamili, mili 533.3. Pima angalau sehemu tano za tao. Kwadranti ya yule dada ilikuwa sahihi kote isipokuwa jino moja.

Hatua ya 7: Juu ya mzinga

Mshale uelekee mdomo wa mzinga, na kwadranti ikae sambamba na mtutu. Kukaa upogo ni kosa linalojificha. Mtutu ukiwa umelala, kwadranti iliyopinda digrii 10 juu ya kitako haionyeshi dalili yoyote, kwa hiyo mtu hujizoesha kuiweka ovyo. Mtutu ukifika digrii 45, upogo uleule unapunguza usomaji kwa karibu mili 8. Ndiyo maana mizinga mingi imechongwa vikalio maalumu vya kuiwekea kwadranti. Tumia hivyo, usiiweke popote tu penye bapa. Kama rangi ya maonyesho imepakwa juu yake, mwombe mtunzaji ruhusa ya kuiondoa hapo tu, kwa dawa ya kuondoa rangi, si kwa kukwangua.

Soma mara tatu, kila mara ukiinyanyua kwadranti na kuirudisha. Masomo matatu yakitofautiana kwa zaidi ya mili 0.4, rudi hatua ya 1, kuna kitu chini ya mguu.

Ukimaliza, rudisha mkono na maikromita kwenye sifuri, weka kwadranti ndani ya kasha lake pamoja na kadi ya sahihisho, na kwenye kadi andika tarehe.